Halbadiri ya Chuma Kisichoshikika

Barua zenu mlizoleta gazetini nimezisoma. Mmoja wa Wete kaniandikia kwamba mwanamke kama mimi hafai kuolewa wala kuzikwa karibu na watu. Ahsante, baba. Soma ya leo kwanza, halafu uandike nyingine.

Kwa asiyejua tulikotoka: mimi ni Umkulthum, nakaa Ole. Mume wangu Ridha ameshanipa talaka mbili na mara mbili amenirejea. Imebaki moja. Yeye na rafiki yake Bakar, mvuvi wa Msuka, walikuwa na gemu lao la kwenye simu, wanacheza na Waarabu wa Maskati na watu wa dunia nzima, kazi yao kuua majoka.

Humo gemuni mna chuma kinaitwa hadidi ya nuru. Hakichimbwi wala hakinunuliwi. Ukiua joka kubwa unapata chembe moja, na chembe mia ndiyo unaunganisha pande moja. Kikosi chao kilifanya kazi miezi kumi na minne kupata pande moja tu. Wakaliweka kwenye ghala la gemu, wanangoja Bakar afike daraja la mhunzi mkubwa alifue upanga. Upanga ni wa mhunzi mkubwa. Misumari hata mjinga anafua.

Chembe ya mwisho waliipata mwezi wa Rajabu. Saa ile mimi nilikuwa chooni natokwa na damu, mimba ya miezi minne, ya pili kuharibika. Nilimwita Ridha mara tatu. Akanijibu, "Ngoja kidogo, joka linakaribia kufa."

Wiki iliyopita niliwaacha mchana wa Ijumaa, Ridha yuko msikitini, simu yake nimeishika mimi. Namba yake ya siri ni mwaka aliozaliwa mama yake, si kazi kuijua. Nikalipeleka lile pande kwenye tanuri, nikachagua misumari. Gemu likaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Likauliza tena, nikabonyeza. Likauliza mara ya tatu, kama kadhi, nikabonyeza. Ikatoka misumari mia nne ya kawaida, ya kupigilia ngazi. Nikaitupa yote kisimani, humo humo gemuni, nikairudisha simu kwenye chaji, nikenda kukuna nazi.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Ridha alirudi na Bakar. Hilo peke yake lilikuwa jambo. Mmoja ni wa chama hiki na mwengine wa chama kile, na tangu uchaguzi walikuwa hawapeani salamu njiani, hata maiti wa huku yule haji kumzika. Gemuni tu ndiko walikokuwa wanasema. Ijumaa ile ndiyo mara ya kwanza kusali safu moja, na Ridha akamleta nyumbani kula.

"Shemegi, masalkheri," Bakar akaniambia, kaleta na mtungo wa samaki.

"Masalkheri. Karibu, wali tayari."

Ridha akachukua simu amwonyeshe pande. Akaangalia. Akaangalia tena. Akaizima simu, akaiwasha.

"Halipo," akasema.

"Haliwezi kuwa halipo," Bakar akasema.

"Nakwambia halipo, yakhe."

Bakar akacheka, akidhani mzaha. Alipouona uso wa mwenzake akaacha kucheka. Wali niliuepua mimi, nikauandaa mimi, na hakuna aliyeugusa.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanapili, alikuwa kakaa pale anasuka ukili. Akauliza kwa upole kabisa, "Hiyo namba ya siri nani mwengine anaijua?"

Ridha alikuwa bado kainamia simu, anabonyeza. Bakar ndiye aliyejibu, kwa sababu ni mtu mkweli. "Mimi naijua, mama."

"Aaa," Bi Mwanapili akasema, akaendelea kusuka.

Basi. Neno lenyewe ni hilo tu. Kufika Alasiri Ole nzima ilikuwa inajua kwamba Bakar wa Msuka kaja kusali na watu kumbe kaja kuiba.

Nyinyi mnaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Imebaki talaka moja, nimeshakwambieni. Baba yangu kafa, shamba la mikarafuu la babu lilishakwenda tangu zamani, na kaka yangu Talal yuko Maskati na mke asiyenipenda. Ningesema, ningelala wapi?

*

Bi Mwanapili ndiye aliyetaka halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi. Imamu wetu alikataa. Alisema halbadiri haisomwi kwa sababu ya mchezo, na akamwambia Ridha aende akalime. Bi Mwanapili akapanda gari la abiria mpaka Kengeja akamleta Shehe Nyange.

Shehe Nyange ni mzee mpole, macho hayaoni vizuri. Alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia nasikia kila kitu.

"Umeibiwa nini, mwanangu?"

"Chuma, Shehe."

"Cha gari?"

"Cha simuni."

"Simu yenyewe ndiyo iliyoibiwa?"

"Hapana, simu hii hapa. Chuma kilikuwa ndani yake. Katika gemu."

Shehe akaipapasa simu. "Kinashikika?"

"Hakishikiki."

"Sasa, mwanangu, kilichoondoka ni kitu gani?"

"Miezi kumi na minne, Shehe," Ridha akasema. Nilimsikia mume wangu analia kwa ajili ya chuma, mimi ambaye sikumwona akilia Rajabu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

Shehe akasema, "Jasho ni mali. Lakini nikwambieni masharti, msije mkasema sikusema. Hii ikishasomwa haichagui ndugu wala jirani. Na kuitengua si mchezo. Aliyechukua akiri kwa ulimi wake, na aliyechukuliwa asamehe kwa moyo, si kwa mdomo. Likikosekana moja, haitenguki. Mnaitaka?"

Ridha akainuka, akalifungua pazia, akanitazama.

"Umkulthum, unasemaje wewe?"

"Shehe anakunywa chai ya maziwa au ya rangi?" nikamwuliza.

Akalirudisha pazia. "Tunaitaka," akamwambia Shehe.

Wakapanga Alhamisi baada ya Alasiri.

Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda Chake kununua unga na sukari ya wasomaji. Siku zangu zilikuwa zimepita wiki mbili na nilijitia kusahau. Nikaingia duka la dawa nikanunua kipimo, nikenda kupimia chooni kwa shoga yangu Saada. Mistari miwili.

Nilikaa juu ya ndoo ya Saada nikalia, halafu nikacheka, halafu nikakumbuka nilichokwenda kununua.

"Una nini humo?" Saada akaniuliza kutoka nje.

"Tumbo linaniuma."

Sikumwambia. Mbili zilizotangulia nilizitangaza mapema na zote zikatoka. Hii nilisema nitaifunika mpaka ifike miezi mitano.

Nikarudi Ole, nikapika uji, nikachoma mikate ya kumimina, nikawapikia watu chakula cha kunisomea mimi.

Walisoma wanaume kumi na wawili barazani. Wanawake ndani. Mimi nilikaa karibu na mlango, mikono nimeificha chini ya kanga, imeshika tumbo. Walipofika kwenye dua Shehe akasema, "Mwenye mali aseme nia yake."

Ridha akasema kwa sauti kubwa. Maneno yake nayakumbuka yote. "Aliyenichukulia nilichokipenda, Mwenyezi Mungu amchukulie anachokipenda."

"Amina," wakaitikia.

Bi Mwanapili akanigusa kwa kiwiko. "Umkulthum, mbona huitikii?"

"Naitikia, mama."

"Sauti haitoki. Mumeo kaibiwa, au si mumeo?"

Wanawake wakageuka kunitazama. Basi nikainua mikono, nikaitoa kwenye tumbo nikaiweka juu mbele ya macho yao, nikaitikia amina mpaka nikasikika barazani.

*

Siku ya kumi na moja baada ya kisomo Bi Mwatum, mama yake Bakar, alianguka jikoni kwake Msuka. Mdomo ukenda upande, mkono wa kulia ukafa.

Habari zilifika Ole kabla ya adhuhuri. Bi Mwanapili alikuwa anachagua mchele.

"Nshasema mimi," akasema. "Hawa wa chama kile wana mkono mrefu."

"Bi Mwatum ana presha miaka mingi, mama," nikamwambia.

"Presha ilingoja halbadiri?"

Na sasa nisemeni mnavyotaka, lakini hapa gazetini nilikuja kusema kweli: nilifurahi. Nilisema moyoni, imepotea njia, imeingia nyumba nyengine, alhamdulillahi. Siku ile nilikula sahani mbili.

Msuka walimmaliza Bakar. Samaki wake wakawa hawanunuliwi, watu wanasema wana laana. Alikuwa kaposa msichana wa kijiji cha Finya, wakamtuma mtoto kurudisha posa, hata mtu mzima hakuja. Msikitini akisimama katika safu, wa pembeni yake anasogea. Ndugu zake wenyewe wakamkalia kikao: kiri, mama apone.

"Nikiri nini?" akawaambia.

"Kiri tu."

Siku ya thelathini na tisa akaja kwetu. Saa nne asubuhi. Alikuwa kakonda, shati linamning'inia.

"Hodi."

"Karibu," nikasema mimi.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanapili hakuitikia. Ridha akatoka chumbani, akasimama mlangoni.

"Nimekuja kukiri, Ridha," Bakar akasema. "Mimi nimechukua."

"Umechukua nini?"

"Hicho mnachokisema."

"Umekipeleka wapi?"

Maskini! Alijitayarisha kukiri, hakujitayarisha kuulizwa. Macho yakamtembea mpaka kwenye ukuta, mpaka kwangu.

"Nimempa Mwarabu mmoja," akasema. "Jina nimelisahau."

"Nimekusamehe," Ridha akasema.

Upesi namna hiyo, kama mtu aliyekanyagwa mguu kwa bahati mbaya. Bi Mwanapili akaacha alichokuwa nacho mkononi. "Ridha! Humwulizi zaidi?"

"Nimwulize nini, mama? Kakiri."

Shehe Nyange akaitwa tena kutoka Kengeja, akafika baada ya adhuhuri. Akaandika kombe, aya kwa wino wa zafarani, kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya waridi, akanipa mimi nilitie kikombeni.

"Bakar, unakiri kwa ulimi wako?"

"Nakiri, Shehe."

"Hukulazimishwa?"

"Mama yangu hasemi, Shehe. Analia kwa jicho moja."

"Sikuuliza habari za mama. Nimekuuliza wewe."

"Nakiri."

Kikombe nilimpelekea mimi. Nilimpa kwa mkono wangu wa kulia, nikasema bismillahi. Akanywa mpaka chini. Halafu akanirudishia kikombe, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Shemegi, na wewe unisamehe. Nimekutieni fedheha nyumbani kwenu."

Watu wote wakaniangalia.

"Nimekusamehe, Bakar," nikasema.

Akanishukuru. Wallahi alinishukuru, akashika njia kwenda kutafuta gari la Msuka, na mgongo ulikuwa umemnyooka kidogo. Sikuwahi kujichukia kama dakika ile, na bado sikufungua mdomo.

Shehe Nyange alipokuwa anavaa viatu alisema, hakumsemesha mtu mmoja, "Akinywa asiyekuwa mwenyewe, kanywa zafarani na maji. Mwenyewe bado anayo."

Nikaingia chooni. Nguo yangu ya ndani ilikuwa na damu, tone moja, dogo kama punje ya mtama.

*

Bi Mwanapili alikuwa keshatoka, kenda kwa majirani kutangaza ushindi. Ridha alikuwa uani, juu ya jamvi, anachambua karafuu, konyo huku, karafuu huku. Nikakaa mbele yake.

"Ridha, nina neno."

"Sema."

"Bakar hakuchukua."

"Najua."

Nilidhani hakunisikia. "Bakar hakuchukua kitu. Ni mimi."

"Najua," akasema. Akachukua kichala chengine, akakivunja vikonyo.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni wewe. Ghala lina daftari lake, linaandika kilichotoka na saa kilipotoka. Mwenye ufunguo tu ndiye anayeliona, na ufunguo ninao mimi. Saa saba kasorobo, Ijumaa. Saa ile Bakar alikuwa kwenye safu, bega lake na langu. Simu ilikuwa hapa kwenye chaji, na hapa ulikuwepo wewe." Akaninyooshea kikonyo. "Misumari mia nne, Umkulthum."

"Tangu lini umelijua hilo?"

"Siku ile ile. Kabla wali haujapoa."

"Ukajua, na ukamwita Shehe?"

"Mama alimwita. Mimi nilikufungulia pazia. Nilikuuliza mbele yake, unasemaje wewe. Ungesema neno moja, Shehe angerudi Kengeja na halbadiri yake. Ukaniuliza habari za chai."

"Ukasema ile nia. Amchukulie anachokipenda. Ukijua ni mimi!"

"Nilitaka nikusikie unaitikia. Nikakusikia."

"Na Bakar? Mama yake kapooza, Ridha. Posa yake imerudishwa. Ulimwacha aje kukiri!"

"Bakar sikumtaja mimi hata siku moja. Mlimtaja nyinyi. Na kikombe umempa nani leo?"

Nikajibu kwa hasira. "Hujaniuliza hata kwa nini nimefanya."

"Kwa sababu ya Rajabu."

Nilikuwa nimejitayarisha miezi kumtajia siku ile, na kumbe anayo.

"Unadhani sikusikia?" akasema. Sasa mikono yake ilikuwa imesimama. "Nilikusikia mara zote tatu. Ya tatu ilikuwa ndogo, lakini niliisikia. Nikajisemea, nikiinuka sasa, joka litapona na miezi yote imepotea, na Umkulthum si mara yake ya kwanza, atasubiri. Nikabaki. Nikaipata chembe. Niliilipa kwa mtoto wangu ile chembe, unafahamu? Kila nikilifungua ghala nikiliona lile pande, nilikuwa najiambia angalau kipo kilichobaki. Ukakifua misumari ya ngazi, ukaitupa kisimani."

Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Na nilimchukia pia, vyote pamoja.

"Ridha," nikamwambia. "Nina mimba."

Akaniangalia.

"Miezi mitatu inakaribia. Nilijua asubuhi ya halbadiri. Niliinua mikono na kuitikia amina ninayo tumboni. Na leo, Bakar alipokwisha kunywa, nimeona damu."

Ungo wa karafuu ukamwagika, sijui kaupiga kwa goti au kwa mkono. Akaja mbele yangu kwa magoti, juu ya karafuu zote zile.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema lini? Baada ya amina?"

"Twende hospitali. Nakwenda kutafuta gari."

"Tutakwenda. Lakini kwanza hili. Shehe kasema mambo mawili. Mimi langu nimeshalitoa, nimekiri kwa ulimi wangu na hakuna aliyenishika. Limebaki lako."

Alifahamu. Niliona usoni kwamba kafahamu. Akauweka mkono wake juu ya tumbo langu, mkono unanuka karafuu, akafumba macho.

"Nimekusamehe, Umkulthum."

Maneno yalikuwa mazuri. Kwa Bakar pia yalikuwa mazuri.

"Kwa moyo?" nikamwuliza.

Hakujibu.

"Ridha. Kwa moyo?"

Machozi yakaanza kumtoka huku macho bado kayafumba, na ule mkono ukazidi kunikandamiza.

"Najaribu," akasema. "Wallahi najaribu. Haiji."

Nikahisi kitu cha moto kinaniteremka mguuni, na sikutazama chini.